Masikio Yaliyoniharibia Masomo

Katika korali ya parokia yetu hapa Likasi nimesimama kwenye mstari wa sauti ya pili tangu kabla sijaolewa. Mume wangu alinikuta pale, na alipokufa aliniacha pale. Wanawake waliosimama kushoto na kulia kwangu miaka yote hiyo ninawakumbuka wote: jina la ubatizo, jina la nyumbani, na lile ambalo wenzao waliwaita wakishageuka. Siyaandiki hapa. Waliokufa hawana neno, lakini walio hai wana simu.

Wimbo nikiusikia mara moja umeingia. Sijisifu. Mwingine ni mrefu, mwingine ana macho makali, mimi nina masikio. Shuleni nilikaa miaka michache tu kwa masista, kisha baba, aliyekuja kutoka Kasai kwa ajili ya kazi ya mgodi, akasema msichana anayejisomea katekisimu mwenyewe amesoma vya kutosha. Korali haikuniuliza cheti. Mwalimu aliimba, sisi tukashika, tukarudi nyumbani kupika bukari, ugali wetu.

Mwalimu yule alizeeka, akaja mwingine. Huyu mpya ni karani mjini, bado kijana, muziki alisomea Lubumbashi. Alituletea makaratasi yenye mistari mitano mitano na vichwa vyeusi vimening'inia humo kama nguo kwenye kamba. Akasema misa ya Pasaka itakuwa na wimbo mpya wa sauti nne, na kila mtu atauimba kutoka kwenye karatasi, peke yake, mbele yake yeye, kabla ya Jumapili ya Matawi. Asiyeweza, Pasaka hii ataketi kwenye mabenchi pamoja na waumini wengine.

"Haiko azabu, bamama," alisema. "Ni juu tusiimbe tena sawa kasuku."

Alisema kwa upole. Angefoka ningemjibu.

Ninaishi na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa mwisho; huniita Kaku, yaani bibi. Anasoma katika chuo kipya cha masista, ambako mwaka wa kwanza wanafunzi wote wanasoma kila kitu: kuchora, fasihi, muziki na hesabu, ndipo baadaye mtu achague njia yake. Wajomba zake wanaochimba madini Kamatanda humcheka. "Atakuya kuchora mashimo yetu," wanasema. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Jumamosi, siku ya posho kama tunavyosema huku, chuo kinafungua milango kwa wazazi na majirani, bila kuulizwa diploma.

"Kaku, kuko muziki. Batakufundisha manoti."

Nikaenda kujiandikisha kwa muziki. Sista aliyekuwa mezani akatikisa kichwa.

"Mama, hapa muntu haingie mu somo moya. Ni yote ine, ao hakuna."

"Ma sœur, minye nataka paka noti za korali tu. Kuchora nitachora nini?"

"Tutaona," akasema, na kunionyesha darasa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuchora sufuria. Mwalimu wa kuchora, mwanaume mwembamba mwenye rangi kwenye suruali, aliiweka mezani mbele yetu. Nikachora sufuria safi, yenye mfuniko na mikono yake. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Mama, huu mukono wa pili, unauonea wapi?"

"Sufuria iko na mikono mbili."

"Pale ulipoikala, unaona ngapi?"

"Moya. Ile ingine iko nyuma."

"Basi uchore moya. Uchore kile unaona, kile unajua uache ku nyumba."

Ku nyumba niliacha maharage nimeyaloweka, ndiyo niliyoacha. Nilifuta mkono, nikachora tena, akafuta yeye, nikachora tena. Msimu mzima wa mvua tulikuwa na sufuria ile ile. Nimepika katika sufuria maisha yangu yote, na hakuna iliyowahi kunisumbua vile.

Katika fasihi niliingia na moyo mzuri, kwa sababu sista wa fasihi alikuwa anasoma hadithi kwa sauti, na mimi hadithi ikisomwa kwa sauti imekwisha kuwa yangu. Siku moja alisoma juu ya mwanamke aliyeondoka nyumbani kwake asubuhi akaacha mlango wazi. Akaniuliza kwa nini aliondoka. Nikaisema hadithi yote, tangu alivyoamka, maneno yale yale, hata pale sista alipokosea kusoma akarudia. Wenzangu wakapiga makofi. Sista hakupiga.

"Mama, sikukuuliza nini ilifanyika. Nakuuliza juu ya nini aliondoka."

"Njo naisema, ma sœur. Yote iko mule."

"Iko mule wapi?"

Sikujua iko mule wapi. Nilikuwa nayo yote kichwani na sikuweza kumtolea hicho kipande alichotaka. Nikakaa chini nimekasirika, kwanza na sista, kisha na yule mwanamke, ambaye angesema tu sababu yake tukaenda zetu.

Na hesabu. Mwalimu wa hesabu alikuwa na adabu nyingi, aliandika ubaoni polepole kwa ajili yetu sisi wa miwani. Siku ya kwanza aliandika x, na mwishoni mwa kazi x akawa nne. Vizuri, nikamweka kichwani, x ni nne. Juma lililofuata x akawa tisa. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, posho iliyopita ulisema ni ine."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "x ni jina ya ule hatujamujua bado, mama. Tukishamujua, tunafuta, tunaanza na mwingine."

Sisi wa Kasai jina la mtu tunampa mjukuu, na mtoto akiitwa, tunajua ni mzee gani anayeitwa ndani yake. Hapa jina linafutwa kwa kitambaa na kupewa mwingine kabla halijapoa. Mimi nisiyeweza kusahau hata jina la mbwa wa jirani niliyekaa naye utotoni, nilirudi nyumbani na ma-x kumi kichwani, kila mmoja na thamani yake, wanagombana.

Lakini nilivumilia hayo yote kwa ajili ya saa ya mwisho, saa ya muziki.

Mwalimu wa muziki ni mwanamke, pengine umri wa binti yangu mdogo. Alikuwa anagawa karatasi, kisha anapiga wimbo kwenye kinanda, kisha tunaimba tukifuata noti. Mimi nilikuwa wa kwanza kila mara. Sauti safi, bila kosa. Aliniita mfano wa darasa. Jirani yangu wa darasani, fundi viatu mstaafu, akaniuliza kama nilikuwa mtawa zamani.

Hiyo ilidumu hadi siku mwalimu alipopita kati ya viti tukiimba, akasimama kwangu, akaacha tumalize.

"Mama, uko ku page gani?"

Nikatazama. Wenzangu walikuwa ukurasa wa pili. Mimi nilikuwa na karatasi ya juma lililopita.

Hakunitukana. Alitoa karatasi mpya mkobani, ambayo hajaipiga, akaniomba niimbe mstari wa kwanza. Nikaitazama. Ilinitazama. Sikutoa hata sauti moja. Miezi miwili ya muziki, na sikujua kusoma kitu.

"Masikio yako njo yanakuibia," akasema. "Yanafika mbele ya macho, kila mara."

Tangu siku hiyo alikuwa na utaratibu wake kwa ajili yangu. Kila alipokaa kwenye kinanda, mimi nilitoka nje, kwenye baraza, nikasimama na vidole masikioni mpaka mtu aje kuniita. Kisha naingia, mwalimu ananipa do moja tu, noti ya kuanzia, na lazima nipande mwenyewe kutoka hapo, nikihesabu mstari, nafasi, mstari, nafasi. Noti nyeupe inakaa mara mbili ya ile nyeusi. Nyeusi mbili zilizofungwa kwa mkia zinagawana muda wa moja. Wanafunzi vijana waliopita barazani waliona bibi mzee wa kitenge amejiziba masikio mvua ikimrushia matone, wakanisalimia kwa heshima kubwa, nadhani walidhani ninaumwa.

Nilichoka. Nilikuwa ninatoa sauti tatu, ya nne inapotea, naanza tena. Mimi ambaye watoto wa parokia walifunzwa nyimbo kutoka mdomoni mwangu, sasa nilisoma kama mtoto anayesoma kibao cha duka. Ningeacha. Lakini siku moja, kabla ya Kwaresima, nilisoma mstari mzima. Niliusoma tangu do hadi mwisho, sikujua kama ni sahihi au la, kisha mwalimu akaupiga kwenye kinanda, na ukatoka ule ule. Maisha yangu yote kila wimbo umenijia kutoka kwa mdomo wa mtu, na ninajua ni wa nani. Huu haukutoka kwa mtu. Niliutoa mwenyewe kwenye karatasi. Nilitembea hadi nyumbani nikapita njia yetu bila kuiona, ikabidi nirudi nyuma.

Kwa hiyo nikaamua kwamba wimbo wa Pasaka nitausoma.

Taabu ni kwamba haukupita muda, mtu wa korali akaukuta huo wimbo umeimbwa na korali nyingine, akaurusha kwenye simu za wote. Jirani yangu, tunayesimama naye bega kwa bega katika sauti ya pili, siku hizi sisi wawili tu, na ambaye tunaazimana chumvi tangu watoto wetu wakiwa mgongoni, alikuja na simu yake mkononi.

"Chukua, usikie. Iko muzuri."

"Hapana. Uizime."

"Juu ya nini?"

"Nikisikia, sitasoma tena. Mwalimu alisema tusome."

"Mwalimu alisema tuimbe na karatasi mu mukono," akasema. "Karatasi iko mu mukono. Alisema macho yaikale wapi?"

"Weye utamudanganya muntu wa Mungu."

"Ule karani? Weye njo utakufa na makaratasi. Muzee muzima, unaenda ku université na meno gani?"

"Na haya ine yenye ninabakia nayo."

Tulicheka, lakini niliweka vidole masikioni mpaka alipofika langoni. Tangu hapo nyumba yangu ikawa ngumu. Mjukuu wangu alikuwa na wimbo ule kwenye simu yake, wenzake wote walikuwa nao. Alikuwa anausikiliza kwa vile vidude vya masikioni, na mara moja akiwa anaosha vyombo ukamtoka kooni. Nikampigia kelele tangu chumbani.

"Kaku, ni nyimbo ya Mungu," akasema.

"Ni ya Mungu, mais uifunge."

Akanisaidia yeye, lazima niseme. Jioni umeme ukiwepo tulikaa mezani, ananipa do, ananyamaza. Nikikosea alikuwa haniimbii lililo sawa, anasema tu, "Uhesabu tena." Kulikuwa na mahali kwenye kurasa mbili za mwisho ambapo sauti ya pili inashuka, kisha inaruka juu hadi noti ya mi, huku sauti nyingine zimenyamaza. Pale niliangukia kila siku. Niliruka nikafika re. Niliruka nikafika fa. Nilimwuliza mjukuu kama aliyeandika wimbo alikuwa na kisa na mama wazee. Nikaota lile jicho jeusi la mi limekaa juu ya mstari wake linanisubiri.

Siku ya mtihani ilikuwa Alhamisi, kabla ya Matawi. Tulikutana kwenye ukumbi wa parokia, mwalimu wa korali ndani, sisi uani. Mlango ulifungwa, lakini madirisha ya ukumbi ule hayana vioo vyote, kwa hiyo mimi nilikwenda kukaa mbali, karibu na ukuta, na kitambaa cha kichwa nimekivuta juu ya masikio. Waliingia mmoja mmoja. Walitoka wanacheka. Jirani yangu alitoka akiinua karatasi yake juu kama tiketi.

"Nilitazama ukuta," akaniambia sikioni, baada ya kunivua kitambaa. "Hakuona kitu. Enda."

Niliingia. Mwalimu alikuwa nyuma ya meza, amechoka, amefungua kola ya shati.

"Mama mukubwa. Tunakusikia."

Nikaomba do. Akanipa. Nikaweka kidole chini ya noti ya kwanza, nikaanza.

Nilisoma. Hilo naweza kulisema mbele ya yeyote. Kila sauti niliyotoa niliitoa kwenye karatasi ile, hakuna aliyeniwekea kinywani. Lakini nilisoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, jiwe hili, nasimama, jiwe lile, nasimama. Mwalimu akaanza kugonga meza kwa kalamu kunionyesha mwendo. Kalamu ikaniacha nyuma. Nikageuza ukurasa, kidole kikapotea, nikarudi, nikafika pale pa kuruka, nikapata mi. Niliipata. Nilifurahi sana hata nikasahau kwenda mbele.

Kalamu ikanyamaza.

"Mama mukubwa," akasema, "uko unanisomea. Haiko kuimba."

"Ulisema tusome."

"Nilisema, ndiyo. Mais misa haitakungoya." Akajifuta uso. Nilimwona anatafuta njia ya kutonipeleka kwenye mabenchi. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akaiweka mezani kati yetu. "Bote tunajua masikio yako. Usikie mara moya tu. Tumalize, uende kupumuzika."

"Nikisikia itakuwa haiko kusoma."

"Itakuwa sauti ya pili iko na muntu wake. Pasaka ingine utasoma muzuri."

Pasaka ingine. Yeye ana umri wa kusema hivyo. Dirishani niliwaona wenzangu uani, wamekunjua kitenge kipya cha Pasaka, wanapimiana mabegani, na jirani yangu ameshika kipande cha ziada, anatazama mlango. Nilifikiri kuhusu benchi. Nilifikiri juu ya wote waliowahi kusimama mstarini kwangu, nikawapitia mmoja mmoja hadi mwisho, na waliokwenda kwenye mabenchi hakuna aliyerudi. Walikwenda wakisema ni kwa muda, goti, kifua, mjukuu mgonjwa, kisha tukawaimbia wao mazikoni.

"Weka," nikasema.

Akabonyeza. Wimbo ukaanza, na masikio yangu yakakimbilia mlangoni kama mbwa anayemsikia mwenye nyumba. Sikuweza kuyazuia. Sauti ya kwanza, ya pili, zile za wanaume, zote zikaingia zikakaa mahali pake. Ile mi ilipofika nikaisikia inaruka bila shida yoyote, kama mtoto anayeruka kamba, na nilikuwa nimehangaika nayo Kwaresima nzima. Ilipokwisha niliimba toka mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo wake, na kalamu haikuweza kuniacha nyuma tena.

"Njo ile," mwalimu akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Unaona?"

Nilikuwa ninaona.

Nyumbani mjukuu wangu alinisubiri na chai. Nikamwambia nimepita. Akarukaruka jikoni, kisha akatazama uso wangu, akasimama.

"Ulisoma, Kaku?"

"Kwanza nilisoma. Kisha nilisikia."

Alinimiminia chai, akaweka sukari nyingi kuliko daktari anavyoruhusu. Usiku ule, na kesho yake, na siku zote za Juma Takatifu, nilichukua karatasi nikajaribu kuisoma kama zamani, polepole, kwa kidole. Haikuwezekana. Kidole kikigusa noti ya kwanza, wimbo mzima umekwisha kutiririka kichwani, na noti zimebaki nyuma kama siafu kwenye ukuta. Nilijaribu kuanzia katikati. Nilijaribu kuanzia mwisho. Sikujua tena kama jicho langu linaona mi au linajua tu kwamba mi iko pale. Mwalimu wa kuchora angenifuta.

Pasaka nilisimama mahali pangu, kitenge kipya, karatasi mkononi. Kanisa lilijaa hadi nje, jua la baada ya mvua likaingia kupitia milango. Tuliimba vizuri. Ilipofika pale sauti nyingine zinaponyamaza, tulikuwa mimi na jirani yangu tu, sauti mbili katika kanisa zima, na niliruka juu bila kosa. Nilitazama karatasi kwa nguvu zote za miwani yangu, nikitafuta lile jicho jeusi lililonisumbua, na sikuliona. Kulikuwa na wino tu. Nikakasirika hivyo hivyo nikiimba aleluya, na sidhani kuna mtu aliyejua, maana sauti haikutetemeka.

Baada ya misa watu walitusalimia mlangoni. Mwalimu wa korali aliwaambia wageni kutoka Kambove kwamba mama huyu, pamoja na uzee wake, alijifunza noti chuoni. Walinishika mkono. Mmoja aliomba kupiga picha na karatasi yangu ionekane. Jirani yangu akasubiri mpaka wamekwenda, akaniegemea bega.

"Unaona vile masomo yako ilikusaidia?"

Nilimwambia anisogezee kiti, miguu inaniuma.